Masikio ya Askari Aliyeanguka

Haya nyinyi watu ya ofisi! Wewe wa mafaili, wewe dereva wa Landrova, na wewe unaficha andazi chini ya meza kama mimi sina macho, fungeni mdomo na mfungue masikio. Masikio hasa, kwa sababu leo nitasema maneno ya masikio. Roselina, wewe piga taipu vile ninasema, usinitengenezee Kiswahili. Kama iko na makosa, hiyo makosa ni yangu, nimefanya nayo kazi miaka kumi na tatu na haijawahi kunitoroka.

Mnasema nimestaafu. Mimi sijastaafu, ni baiskeli ilistaafu, mimi nimeifuata tu kwa heshima. Hata siku ya kwanza ilikuwa hivyo. Ofisi ilikuwa inatafuta tarishi, na mimi nilikuwa mtu pekee Kisumu mzima mwenye baiskeli na hana kazi. Kwa hivyo ni baiskeli iliajiriwa. Mimi nilikuja juu yake.

Kazi mnaijua: askari akifia vitani, sisi tunasomesha mtoto yake. Wakati huo ofisi ilikuwa chumba moja, nyuma ya duka ya Mhindi wa nguo, na ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni Kanali, mzungu mzee aliyeacha jeshi akapanda miwa upande ya Muhoroni. Huyo ndiye alikuwa mkubwa wa komiti, alikuwa anakuja kila Ijumaa. Mustachi yake, yawa! Ukisimama nyuma yake ungeiona ikitokea huku na huku kama pembe ya ng'ombe. Wa pili ni Bwana Zablon, karani, mtu wa misheni, alipiga shati pasi mpaka ndani ya mfuko. Wa tatu ni mimi Omolo.

Ile siku ya kwanza nilichelewa kwa sababu ya pancha. Niliingia ofisini nimebeba baiskeli kwa kichwa. Kanali akaniangalia.

"Wewe nani?"

"Pancha, bwana," nikajibu. Nilikuwa nataka kueleza sababu ya kuchelewa, lakini yeye alidhani nimetaja jina. Mpaka anarudi kwao Ulaya alikuwa ananiita Pancha.

"Pancha, wewe najua soma?"

"Ndio bwana. Nasoma barabara."

Akafurahi sana, akanipa kazi hapo hapo. Sikudanganya mtu. Mimi nilimaanisha barabara ya kwenda Kombewa, hiyo naisoma mpaka mashimo yake. Kama yeye alielewa ingine, hiyo ni shida ya Kiswahili, si shida yangu.

Zablon alinishika siku ya tatu. Alinipa barua, mimi nikaiangalia kwa makini, nikatingisha kichwa kama mtu ameelewa. Akasema pole pole, "Omolo, huyo swara kwa stampu anatembea na mgongo."

Kumbe nimeshika barua juu chini! Sasa hapo angeweza kunipeleka kwa Kanali na hadithi yangu iishe, leo mngekuwa mnaaga mtu mwingine. Lakini yule mtu alifunga mlango, akachukua kalamu. "Wewe una miguu, mimi nina kalamu," akasema. "Tuungane." Kutoka siku hiyo kila bahasha na kila furushi ilikuwa na picha kidogo kwa pembe. Ya kwenda Dunga alichora samaki. Ya Muhoroni alichora muwa. Ya Kombewa alichora chupa ya dawa, kwa sababu ya hospitali. Nilifanya kazi bila kosa hata moja. Sawa, kosa moja. Kuna siku alichora samaki mnono mno, mimi nikadhani ni chupa, nikapeleka Kombewa viatu ya mtoto wa Dunga. Yule mtoto alienda shule miguu mtupu wiki mbili, na mwalimu akimuuliza anasema viatu yake imelazwa hospitali.

Na hizo njia! Nyinyi mnaenda na Landrova mnalala. Mimi kule Dunga kiboko alinifukuza kutoka kwa maji mpaka karibu na mjini, na alikuwa anapiga honi. Muhoroni nilikuwa nashika mkia ya trela ya miwa inivute kwa mlima. Mkono moja kwa trela, mkono moja natafuna. Kiwanda walikuwa wanashangaa mbona hiyo trekta inafika na miwa nusu.

Lakini kazi ngumu haikuwa njia. Kazi ngumu ilikuwa kujua nani ni mtoto ya askari aliyeanguka. Hiyo neno "aliyeanguka" ndiyo ilituletea mambo. Chifu alisimama kwa baraza akatangaza vile Zablon alimwandikia: kuna ofisi Kisumu inasomesha watoto ya askari walioanguka. Ijumaa tulipata laini kutoka mlango yetu mpaka soko.

Wa kwanza alikuwa askari wa usiku wa duka. Yuko mzima, anatafuna njugu. "Mimi nilianguka kwa paa," akasema, "nikifukuza mwizi." Wa pili alikuwa askari wa manispaa, alianguka kwa mtaro. Wa tatu ameanguka kwa lori, ameleta na lori. Kulikuwa na mama moja analia machozi ya kweli, Zablon akamuuliza, "Mama, bwana yako alianguka wapi?" Mama akasema, "Kila Jumamosi, mwanangu. Akitoka kwa pombe ya busaa."

Zablon alitaka kufa. Kanali yeye alicheka mpaka mustachi ikatoka kwa laini. Lakini kutoka siku hiyo Zablon alifunga fomu na kufuli. Kila kitu lazima iwe na tarehe, na tarehe zikubaliane, kama haikubaliani hakuna shule. Ndiyo sasa tunafika kwa Akinyi.

Kule Seme, mbele ya Kombewa, kulikuwa na mama anaitwa Dorina. Bwana yake Odhiambo alienda vita ya Burma na hakurudi. Askari wa kweli, alianguka kweli, hakuna mambo ya paa. Barua ya jeshi alikuwa nayo, ameikunja kwa kitambaa, imekuwa laini kama mkate ya chai. Mtoto yake wa mwisho, Akinyi, alikuwa amepita mtihani ya darasa la saba mpaka mwalimu mwenyewe aliogopa. Shule ya bweni ya wasichana ilimpa nafasi. Aende Jumatatu, na awe na barua ya ofisi yetu. Kama hana barua, nafasi inapewa mwingine.

Mimi nilienda kumuuliza maswali. Kwa vile sikuwa naandika, nilikuwa naweka majibu kwa kichwa, nafika Kisumu namwaga kwa Zablon. Kichwa yangu ndiyo ilikuwa kabati ya faili ya kwanza ya hii ofisi, na haikuwa na panya.

Dorina akanipa uji, akajibu moja moja. Akinyi alinisindikiza mpaka njia kubwa, anasukuma baiskeli.

"Baba Omolo, hiyo shule wanasema iko na nyoka ndani ya chupa."

"Ya nini?"

"Ya kusoma. Mimi nataka kuona hiyo nyoka." Halafu akasimama. "Na kama barua haitakuja, kuna mzee wa posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi. Ametuma watu mara mbili kuuliza mambo ya ng'ombe ya mahari. Wewe umewahi kumwona?"

"Nimemwona."

"Anapumua kama mashine yake. Baba Omolo, afadhali nyoka."

Nikamwambia asijali, barua ni kama iko njiani. Mimi mdomo yangu ilikuwa inaenda mbele ya baiskeli kila wakati.

Nilifika ofisini nikamwaga majibu. Zablon anaandika, anaandika, halafu kalamu ikasimama. Akahesabu na vidole. "Omolo. Baba alikufa Burma. Mtoto amezaliwa miaka sita baadaye."

"Ndio."

"Alikaa tumboni miaka sita? Hata ndovu hawezi."

"Bwana karani, wewe ni Mjaluo. Si unajua?"

"Mimi najua," Zablon akasema, akafunga kalamu. "Lakini fomu si Mjaluo."

Wale wenu mmetoka mbali niwaeleze. Kwetu mtu akifa, boma yake haifi. Ndugu yake anakuja kuangalia bibi na nyumba, tunamuita jater. Watoto wakizaliwa baadaye, si ya jater. Ni ya marehemu. Wanachukua jina ya marehemu, shamba ya marehemu. Jater hana kitu pale, hata kiti anakalia ni ya marehemu. Na yule mama hatumuiti mjane kama kwa fomu. Tunamuita chi liel, maana yake bibi wa kaburi. Bado ameolewa. Ni bwana tu amehama.

Sasa jater wa Dorina alikuwa Ogutu, ndugu mdogo wa Odhiambo. Mtu mpole. Lakini masikio yake! Watu wangu, masikio ya Ogutu ilikuwa kama gari imeacha milango wazi. Upepo ya ziwa ukivuma alikuwa anashika mti. Nzi hakuwa anamfukuza na mkono. Na Akinyi, msichana mzuri namna hiyo, Mungu alichukua ile ile masikio, akapunguza kidogo tu, akamwekea.

Mimi niliona hatari. Zablon amekataa, imebaki Kanali siku ya Ijumaa. Kanali akiona fomu kuna swali. Akiona masikio hakuna swali tena, kuna jibu. Nikapiga pedo mpaka Seme, nikawaambia wote waje Ijumaa. Ogutu nikamweka pembeni.

"Omera, ndugu yangu, una kofia?"

"Ninayo ya jeshi. Mimi pia nilienda Burma. Nilirudi, nikaacha kidole moja ya mguu."

"Vaa. Vuta mpaka chini. Hata nyumba ikiwaka moto usivue."

Ijumaa wakaja. Dorina na nguo ya kanisa, Akinyi amefunga kitambaa kwa kichwa, hiyo mimi nilinunua mwenyewe. Ogutu na kofia imeshuka mpaka haoni mtu, naona pua tu. Zablon hakumaliza hata salamu.

"Ofisini tunatoa kofia."

"Kichwa inauma," Ogutu akasema.

"Iko homa," nikaongeza. "Ikipata baridi inaambukiza."

Kanali akasogeza kiti nyuma. "Wacha yeye. Wacha kofia. Mama, wewe nasema."

Dorina alikuwa anasema Dholuo, mimi natafsiri. Zablon angetafsiri vizuri kuliko mimi, lakini Kanali alisema, "Hapana karani. Karani kwisha kata shauri. Pancha nasema."

Kanali akasoma fomu, akauliza, "Bwana yako kufa. Sasa hii mtoto baba yake nani?"

Dorina akashangaa, hiyo ni swali gani? "Odhiambo," akasema.

"Odhiambo kufa Burma."

"Ndiyo."

"Sasa naweza zaa namna gani?"

Dorina akasema maneno mingi, ameinua mkono. Mimi nikatafsiri: "Bwana, huyu mama anasema yeye si mjane, ni bibi wa kaburi."

"Kaburi naweza zaa mtoto?"

Zablon akakohoa. Mimi nikasema ile kitu ilikuja kwa mdomo: "Bwana, Odhiambo amekufa, lakini hajaacha kazi."

Mustachi ya Kanali ikasimama. Akageuka kwa ile kofia. "Wewe. Wewe ndiyo baba?"

Hapo, watu wangu, nilisikia mkasi ya Mhindi ikikata nguo kwa duka ya mbele. Ogutu akisema ndio, Akinyi ni mtoto ya mtu mzima anayekula ugali kila siku, shule imekwisha, posho mill. Na tena ameiba mtoto ya ndugu yake, hiyo kwetu ni chira, laana inayoua nyumba. Akisema hapana, mzungu ataona ni mwongo. Akinyi alikuwa ameshika kona ya meza yetu, ameshika kama mtu ameshika mtumbwi.

Ogutu akasimama. Akaweka miguu pamoja, hata ile haina kidole.

"Hapana, afande. Mimi si baba. Mimi niko lindo."

"Lindo gani?"

"Afande, kule Burma mimi na ndugu yangu tulikuwa lindo moja. Zamu ilikuwa yake, mimi ndiye nilikuwa nifuate. Nilifika nikampata ameanguka. Nikasimama pale pale alikuwa amesimama. Sasa mimi nauliza afande. Kwa kitabu, hiyo lindo iliandikwa ya nani?"

Kanali mwenyewe akanyoosha mgongo. "Ya yeye," akasema. "Mpaka zamu kwisha."

"Hata boma ni namna hiyo. Boma ni lindo ya Odhiambo. Mimi nilifika nikasimama. Kila kitu inatoka hapo ni ya Odhiambo. Miaka yote hii hakuna mtu amekuja kunibadilisha."

Hiyo maneno alisema kwa Kiswahili ya jeshi, hakuhitaji mimi. Ningetafsiri nini? Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta leso kwa mfuko na mfuko haikuwa na leso.

Kanali akapiga meza. "Karani! Andika. Baba, Odhiambo."

"Bwana, na tarehe? Tarehe hazikubaliani."

"Andika: iko lindo."

Zablon akaandika. Mimi niliona kalamu ikitembea. Ogutu kwa furaha akapiga saluti, hiyo saluti ya jeshi inatingisha mkono mpaka bega, na kofia ikaanza kuruka. Yawa, nilitoka kwa ukuta kama chui! Niliikamata juu ya kichwa na mikono miwili nikakandamiza mpaka ikafika puani.

"Pancha! Nini wewe nafanya kichwa ya askari?"

"Homa, bwana. Naifungia ndani."

Jumamosi Zablon alinipa barua na stampu ya ofisi juu yake, wino haijakauka. Nikaangalia pembe ya bahasha nione chupa ya dawa. Hakukuwa na chupa. Alikuwa amechora masikio mawili, makubwa, yamesimama huku na huku.

"Bwana karani, hii ni njia ya wapi?"

Zablon hakuinua uso. "Wewe peleka. Unajua mwenyewe."

Nilipeleka. Siku hiyo sikugusa breki, na si kwa sababu haikuwepo. Akinyi alisoma hiyo barua mara tatu kwa sauti, Jumatatu akaingia shule. Likizo ya kwanza nilimuuliza habari ya nyoka. Akasema, "Baba Omolo, imekufa. Lakini bado inafanya kazi." Huyo msichana alikuwa anasikia kila kitu, na vile masikio ilikuwa hiyo, angeacha kusikia namna gani?

Tulisomesha wengine baada yake. Kuna wa Dunga, yule wa viatu, leo ni fundi wa injini ya boti. Kuna wale baba zao walianguka vita ya kule kaskazini, hao mlikuja mkawapata nyinyi wenyewe. Zablon alinifundisha kuandika jina yangu, mwaka mzima, na bado nikiandika naweka samaki kwa pembe. Mkiwa na shida na fomu, kumbukeni yule mzee: alikuwa anafunga na kufuli, lakini ufunguo aliuweka mahali naweza kuuona.

Akinyi alifika mpaka akawa nesi. Siku alimaliza, watu ya Seme walichinja ng'ombe, wakaita ofisi mzima. Tulikaa chini ya turubai, mimi, Zablon na shati yake, Kanali amezeeka anatembea na fimbo. Mezani walikuwa wameweka picha moja tu ya Odhiambo, amevaa sare, na ile kofia kubwa ya askari imemfunika masikio mpaka shingo. Ogutu alikuwa nyuma kabisa, kwa benchi ya wazee, anapigana na mfupa. Kofia yake ameiweka kwa goti kwa sababu pasta ameomba. Mimi nilimwona, lakini nilikuwa mbali, na mchuzi ilikuwa moto.

Kanali akasimama kutoa hotuba. Akaangalia picha muda mrefu. Akaangalia Akinyi, na kofia yake nyeupe ya unesi, ile ndogo inakaa juu kabisa, haifichi kitu. Machozi ikaingia kwa mustachi.

"Mimi naona picha ya Odhiambo," akasema, "naona hii mtoto. Hapana potea. Macho, yeye. Pua, yeye. Hata masikio, kabisa kabisa masikio ya baba yake!"

Kule nyuma mfupa ikaanguka, benchi ikalia, na Ogutu akaruka juu, miguu pamoja, saluti mpaka bega:

"Asante sana, afande!"